Skrubu Mbili Ambazo Sijakaza

Kitale, Jumamosi alasiri

Simiyu mwanangu,

Wewe na mama yako mmeenda kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hamtaruhusiwa kutoka kabla ya chai ya pili. Nyumba imetulia. Nimekaa kwenye meza ya chakula, ile ambayo mama yako ametukataza miaka yote tusiweke vyuma juu yake, na mbele yangu gari letu la rimoti liko vipande vipande. Mimi ndiye niliyelifungua. Kesho unakwenda nalo Bungoma kwa mjomba wako, na nimeona ni heri nikueleze mwenyewe, kwa kuwa ukilishika tu utajua kuna mtu aliyepitisha mkono ndani yake.

Sitakuandikia kuhusu blanketi, wala chakula, wala kwenda kanisani. Hayo mama yako ameyasema, na asubuhi atayasema tena ukiwa umeshavaa viatu. Nitakuandikia kuhusu gari, kwa sababu ndilo jambo ambalo wewe na mimi tumelizungumza tangu ukiwa darasa la nne bila hata mmoja wetu kuangalia saa.

Na nianze na ukweli, usije ukautafuta katikati ya maneno mengi ya mwalimu mstaafu. Ninamwonea wivu mjomba wako Wafula.

Mama yako aliugundua kabla yangu. Ilikuwa Jumatano, ulipompigia mjomba wako simu kumwambia siku utakayofika, nawe ukaweka sauti ya nje kwa sababu mikono yako ilikuwa na grisi. Mimi nilikuwa hapo hapo nikichambua maharagwe.

"Niaje Khocha!" ulisema, kama tunavyomwita mjomba kwetu. Mimi sijawahi kusalimiwa niaje na wewe, na nisingependa, lakini niliisikia.

"Sasa Simiyu! Si unakuja na hilo gari la mzee? Kuja nalo, bana. Nitalifungua lote hapa dukani. Nataka nione Mwalimu alifunga nini huko ndani. Ati kuna waya wa fensi?"

"Kuna waya wa fensi, na kuna lapa, Khocha. Usisahau lapa."

Mkacheka nyote wawili. Kicheko chenu kilikuwa kimoja. Nikaendelea na maharagwe, na mama yako akasogea akayachungulia.

"Mwalimu, unatupa mazuri unabakisha mabovu."

"Nimeyaona."

"Unamwonea ndugu yangu wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa toi."

"Si toi."

"Haya basi. Wa gari." Akachukua sinia akaenda kuchambua mwenyewe, na huko jikoni nikamsikia akicheka peke yake.

Unajua sikuwa mtu wa kumnyima Wafula haki yake. Ulipokaribia kutahiriwa ulikwenda kwake kama mila inavyotaka, ng'ombe akachinjwa, naye akakuvisha shingoni kipande cha nyama yake, alama ya baraka za mjomba, kwa mikono yake. Ulirudi ukikimbia na kundi zima likiimba nyuma yako, na mimi nilikuwa langoni nikingoja, kwa kuwa siku ile kazi ya baba ni kungoja. Sikunung'unika. Nafasi hiyo ni ya mjomba, ilikuwa yake kabla wewe hujazaliwa. Lakini mila haikusema lolote kuhusu magari ya rimoti. Hilo nilidhani ni langu.

Unakumbuka tulivyolipata? Tulikwenda sokoni kukununulia sweta ya shule. Kwenye rundo la mitumba, katikati ya mikoba na viatu visivyo na wenzao, ulivuta gari lisilo na betri wala rimoti, gurudumu moja likining'inia. Yule mama muuzaji alidhani ni la mapambo. Sweta tulinunua kubwa kupita kiasi kwa sababu hakuna aliyekuwa akiangalia sweta. Likizo yote tulikaa uani tukilitafutia mota, kipokezi na rimoti, na siku lilipojisukuma lenyewe kwa mara ya kwanza likagonga ukuta wa choo, ulinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeumba umeme. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kunitazama hivyo.

Ndiyo maana nilikufundisha mengi, na ndiyo maana baadhi yake nilikufundisha vibaya. Sikutaka ujue kwamba nilikuwa nakisia.

Chukua jambo la vumbi. Vumbi letu jekundu la huku ni laini kama unga, na baada ya kiangazi kimoja gari lilianza kulia. Nikakupeleka kwa fundi wa pancha, nikamwomba alipulize kwa mashine yake ya upepo. Gari likatoka likimetameta, nami nikakueleza njia nzima habari za msukumo wa hewa. Wiki ile ile magurudumu yakagoma. Upepo ule wa nguvu ulikuwa umelichukua vumbi la nje na kulisukumia ndani ya beringi, mahali ambapo lisingefika lenyewe. Tangu hapo tunatumia brashi laini ya rangi na mswaki mkuukuu, tunafagia tukitoka ndani kuelekea nje. Ukifika Bungoma utakuta kwa mjomba wako kuna mashine nzuri ya upepo. Itumie kwa bodi na kwa matairi. Beringi uipe kisogo.

Halafu kuna nywele za mahindi. Hili hata Wafula halijui vizuri, kwa kuwa yeye alikulia Malakisi kwenye mabanda ya tumbaku, na uwanja ambapo yeye na wenzake hushindanisha magari yao, pale karibu na Mabanga, umefagiwa. Hajawahi kuendesha gari kwenye ua wa Trans-Nzoia mahindi yakiwa yameanikwa kwenye turubai. Wewe na mimi tumefanya hivyo kila baada ya mavuno, tukipita pembeni ya turubai huku mama yako akitupigia kelele. Zile nywele, pamoja na nyuzi za magunia, hujizungusha kwenye ekseli nyuma ya gurudumu, mahali usipopaona, zikakaza kama kamba ya mtu anayefunga mzigo. Gari halisimami. Linapungua mwendo kidogo kidogo, na wewe unalaumu betri. Sisi tulilaumu betri msimu mzima. Kwa hiyo kila mara ukimaliza kuendesha, toa magurudumu, tazama nyuma yake, na uvute kila uzi kwa kibano. Kibano cha nyusi cha mama yako nimekirudisha mahali pake, ukanunue chako.

Niliwahi kukuambia kwamba grisi ni grisi. Sivyo. Ile nzito ya baiskeli niliyokuwa nikiijaza kwenye beringi ilishika kila punje ya vumbi iliyopita karibu. Beringi ndogo inataka kuoshwa kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, kisha ipewe tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Tone moja. Mimi nilikuwa mtu wa kujaza. Betri nilizijaza vilevile. Nilikuwa nazichaji hadi mwisho halafu naziweka kabatini mpaka likizo ijayo, nikiamini nakuwekea akiba, na ulipofungua kabati ukakuta moja imevimba kama mkate, nilikuambia ni betri mbovu za siku hizi.

Hapo ndipo ulipoanza kusema "Khocha anasema."

Ulikuwa umekwenda Bungoma kwa mazishi ya babu yako mzaa mama, ukabaki siku chache dukani kwake, akikuonyesha simu anazotengeneza na magari yake mawili ya rimoti. Ukarudi na kauli hiyo. Khocha anasema betri ya kuweka isijae wala isiishe, ikae katikati. Khocha anasema ukichaji usiondoke chumbani, na uiweke juu ya kitu kisichoungua. Khocha anasema betri iliyovimba haichajiwi tena hata mara moja, wala haitobolewi. Nilisema ndiyo, ndiyo, kisha nikaenda kuthibitisha kwenye vitabu vyangu, na nikakuta kila neno ni kweli. Ningefurahi zaidi kama angekuwa amekosea hata moja.

Nimejiuliza sana wiki hii kwa nini iliniuma, na nadhani ni hivi. Wafula alikupata siku za Jumapili, umeoga, una hamu, umesafiri mwenyewe kumfuata. Mimi nilikupata Jumatatu asubuhi ukitafuta soksi. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu alama zako. Mimi ndiye niliyekuletea fomu za chuo cha ualimu mara mbili, nikaziweka kando ya sahani yako, nikaona jinsi ulivyoacha kula. Yeye alikupa tu bisibisi akakuambia ushike hapa. Ukashika. Na sasa unakwenda kufanya kazi dukani kwake, na mimi hapa nakasirikia bisibisi.

Kuhusu bisibisi, nikwambie jambo moja ambalo sikujifunza kwa mtu yeyote. Skrubu inayoingia kwenye plastiki ina mahali inaposema basi. Unaisikia mkononi, si kwa macho. Mimi nilikuwa nikiisikia, halafu naongeza kidogo ili niwe na hakika. Huko kuongeza kidogo ndiko kulikoharibu tundu la mbele, lile tulilolijaza kijiti cha kiberiti na gundi. Skrubu ya chuma ndani ya chuma ni tofauti, hiyo hulegezwa na mtetemo na inataka tone la gundi yake ili itulie. Lakini gundi hiyo isiguse plastiki, itaipasua. Ukitaka kujua ni vitu gani vingine niliwahi kuongeza kidogo ili niwe na hakika, muulize mama yako. Zile fomu nimezichoma, kwa taarifa yako. Nilipikia mahindi.

Sasa nikueleze kilichonifanya nilifungue gari leo.

Mlipotoka tu langoni nilileta sanduku mezani. Nia yangu haikuwa nzuri. Nilitaka kutoa kila kitu ambacho Wafula angekichekea: waya wa fensi, kile kipande cha mpini wa kijiko kinachoshikilia betri, na zaidi ya yote lile lapa, kandambili niliyoifanya bampa. Nilitaka alifungue gari mbele ya vijana wake wa duka aone kazi safi, aseme, "Kumbe Mwalimu anajua." Ndiyo, katika umri wangu.

Lakini nilipotoa gurudumu la kwanza nikakuta beringi si zangu. Mpya, zina kifuniko cha bluu. La pili hivyo hivyo. Nikafungua gia, nikakuta grisi nyeupe ambayo sijawahi kununua. Nikafungua zile springi za nyuma zenye mafuta, nikakuta mafuta safi, hakuna hata povu moja la hewa ndani. Mpini wa kijiko haupo, pana kamba nzuri ya kubana. Waya wa fensi haupo. Ulikuwa umeucheka naye kwenye simu waya ambao mlikuwa mmeshautoa zamani! Wafula alikuwa ameshaingia ndani ya gari hili kipande kwa kipande, kwa vitu alivyokuwa akikutilia mfukoni, na wewe ulikuwa ukivifunga nyumbani kwangu bila kuniambia.

Simiyu, nilizihesabu hizo beringi mkononi mara mbili. Zangu za zamani bado zipo kwenye kopo la kahawa, unajua situpi kitu. Nikaenda nikalileta kopo. Nikaamua nitarudisha zangu. Gari liondoke hapa nyumbani jinsi lilivyokuwa, na kama ni kubadilisha abadilishe yeye mwenyewe huko kwake, mchana, watu wakiona.

Nikaweka beringi yangu kwenye ncha ya penseli nikaizungusha kwa kidole, kama nilivyokufundisha. Ilizunguka kidogo, ikakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga, ikasimama. Nikaweka yake. Ilizunguka bila sauti. Nilingoja isimame, na ilikuwa bado inazunguka nilipochoka kungoja. Mimi ndiye niliyekuambia, ukiwa mdogo, kwamba ukitaka kujua ukweli wa beringi usimuulize mwenye nayo, izungushe. Nisingeweza kukugeuka hapo. Nimezirudisha zake zote, na nimezipa tone moja moja la mafuta ya cherehani. Mwambie yalikuwa yamepungua, kwa sababu kweli yalikuwa yamepungua.

Kisha nikafika mbele.

Lapa lipo. Lile la kijani, nililolikata kwa kisu cha jikoni likiwa bado zima, mama yako akatafuta mwenzake nyumba nzima. Limechakaa, lina alama ya kila ukuta tuliowahi kugonga, na skrubu zake mbili zimeliwa vichwa kwa sababu nilitumia bisibisi iliyochakaa. Chini ya sanduku, ndani ya karatasi yake ya plastiki ambayo haijafunguliwa, nimekuta bampa jipya jeusi linaloenea sawasawa mahali hapo. Bila shaka Wafula alikupa pamoja na vile vingine. Vile vingine umefunga vyote. Hili hukulifunga.

Sijui ni kwa nini. Labda skrubu hizo zilikushinda kutoka. Labda ulisahau. Nilifikiri kukuuliza, na nimeamua sitakuuliza, na wewe tafadhali usinijibu. Nimelirudisha bampa jipya chini ya sanduku kama lilivyokuwa. Lapa nimelisugua kwa mswaki na sabuni, nikalikausha juani. Wafula akitaka kucheka acheke, limeokoa gari hili mara nyingi kuliko beringi zake.

Hata hivyo mwache alifungue. Nasema hivi nikiwa na akili timamu na meno nimeyauma. Akikuonyesha jinsi ya kusoma joto la mota kwa kidole, mtazame, usimwambie kwamba Baba hufanya hivi. Akikosea, maana naye ataanza kukisia utakapomzidi, usimletee "Baba anasema." Najua jinsi kauli hiyo inavyomwingia mtu. Mzungushie tu beringi mbele yake.

Yapo mambo madogo nisiyotaka kuyaacha. Gari likilowa, usiliweke karibu na jiko. Lipanguse, toa magurudumu, liache penye upepo, kisha beringi zipate mafuta siku hiyo hiyo, maana kutu haingoji kesho. Usilihifadhi likiwa limesimama kwa matairi yake, liinue kwenye kibao ili matairi yasikunjike upande mmoja. Na rimoti iwe ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa. Ukizima rimoti gari likiwa bado liko macho, linaweza kuondoka lenyewe na usijue limeelekea wapi. Ulilijua hilo kabla hujajua kuandika insha. Nimeliandika kwa sababu nilitaka kuliandika.

Huku nikikuandikia nimemaliza kulifunga lote, isipokuwa mahali pamoja. Mota nimeirudisha, lakini skrubu zake mbili sijazikaza. Ile gia ndogo ya mota haijakutanishwa na kubwa. Unajua kazi yenyewe: unaweka kipande chembamba cha karatasi katikati ya meno, unasukuma mota mpaka gia zishikane juu ya karatasi, unakaza, kisha unazungusha gia ili karatasi itoke. Ikitoka imechanika, umebana mno, mota italia na kuungua. Ikitoka haina alama, umelegeza mno, meno ya plastiki yataliwa. Ikitoka imekunjwakunjwa lakini nzima, ndiyo hiyo. Ningeweza kuifanya mwenyewe. Kwa kawaida ninabana mno.

Kwa hiyo asubuhi, kabla mama yako hajaanza habari za blanketi, njoo mezani. Mimi nitashika gari, wewe utasukuma mota. Ila tafadhali usiwe na haraka ya kwenda, na usiseme kwamba mtaifanya huko. Kila kitu kingine ndani ya gari hili amekwisha kukifanya mjomba wako, na kimefanywa vizuri. Gia nataka iondoke hapa ikiwa imekutanishwa na sisi wawili.

Utaona ukingo wa ukurasa huu umekatwa. Nimetoa hapo kile kipande cha karatasi. Kiko chini ya gurudumu la mbele, upande wa lapa. Tukimaliza, wewe nenda na gari. Karatasi yenye alama za meno niachie mimi.

Baba yako